Kidole, kioo na sufuria: historia iliyomo kwenye kicheza muziki chako

Umeshapata Raspberry Pi yako, ile kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki. Umeweka Volumio au moOde, spika imeungwa, nyimbo zinatoka. Vimebaki vitu viwili ambavyo wengi huviacha mwisho: skrini ya kugusa na kasha. Ukianza kutafuta utakutana na skrini ya inchi 3.5 ya bei chee, na nyingine ya inchi 7 ambayo bei yake inauma. Utaambiwa tofauti ni ukubwa tu. Si kweli. Mara nyingi hizo ni koo mbili tofauti kabisa, na kila ukoo ulizaliwa kutatua shida yake.

Tuanze na ule wa bei kubwa. Mwaka 1965, E. A. Johnson, mhandisi wa kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, alichapisha makala fupi iliyowalenga waongozaji wa ndege. Mwongozaji ana ndege kibao kwenye kioo, na kila anapotaka kuiambia kompyuta kitu inabidi aondoe macho akabonyeze kibodi. Johnson akapanga nyaya nyembamba za shaba kwenye uso wa kioo chenyewe. Mwili wa binadamu, si unajua, umejaa maji yenye chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikigusa waya, kapasitansi ya pale hubadilika, yaani kiasi cha chaji kinachoweza kukaa hapo, na saketi inatambua ni waya upi. Hakuna kinachobonyea wala kinachosogea.

Miaka saba baadaye, CERN kule Geneva walikuwa wanajenga kichapuzi chao kikubwa cha protoni, SPS. Kwa mtindo wa zamani, chumba cha uendeshaji kingehitaji maelfu ya swichi na vifundo. Frank Beck alitaka njia nyingine, na Bent Stumpe, mhandisi kutoka Denmark, akaja na kioo chenye mistari ya shaba na vitufe 16 tu. Ujanja ulikuwa kwamba maandishi ya vitufe hivyo yalibadilishwa na kompyuta, hivyo 16 vikatosha kazi ya maelfu. Kicheza muziki chako kinafanya jambo hilohilo: kitufe cha "cheza" kinageuka "simamisha" palepale kilipo.

Ukoo wa pili ulianzia Marekani, na haukuanza na skrini hata kidogo. Sam Hurst, mwanafizikia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa na rundo la grafu za karatasi na alichoka kusoma vipimo kimoja kimoja. Akabuni ubao unaotambua nukta iliyobonyezwa, na mwaka 1971 akaanzisha kampuni ya Elographics. Toleo linalopitisha mwanga likafuata baadaye. Ndani yake kuna tabaka mbili zinazopitisha umeme, zimeachana kidogo mno. Ukibonyeza zinagusana, na ukinzani unaosomwa unaonyesha mahali. Haijali umebonyeza kwa nini: kucha, kalamu, glavu, yote sawa. Ila lazima ubonyeze kweli, kupapasa hakutoshi.

Sasa rudi kwenye ile ya inchi 3.5. Nyingi za bei hiyo ni ukoo wa Hurst, nazo hupokea picha kupitia pini za Pi kwa njia iitwayo SPI. Piga hesabu: nukta 480 mara 320 ni 153,600, kila moja ikihitaji biti 16, jumla kama biti milioni 2.5 kwa picha moja. Kwa mwendo wa biti milioni 16 kwa sekunde unapata picha sita na ushee. Kusoma jina la wimbo, sawa. Kuteleza kwenye orodha ya albamu 300, utachoka. Isitoshe, inakaa juu ya pini zilezile ambazo kadi ya sauti (DAC) inazitaka. Hapa ndipo miradi mingi hukwama.

Skrini rasmi ya inchi 7, iliyotoka 2015, ina nukta 800 kwa 480, inatambua vidole 10, na picha hupita kwenye utepe wake wa pembeni. Pini za sauti zinabaki huru. Kwa maoni yangu, kama muziki ndio lengo, jibana mwezi mmoja ununue hiyo. Ila kama kifaa kitakaa gereji au jikoni, kwenye mikono yenye maji na glavu, Hurst bado anashinda.

Kasha nalo lina historia. Mwaka 1949 Harry Franklin, ofisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya betri ambayo wasikilizaji Waafrika wangeweza kuinunua. Kasha lake lilikuwa sufuria ya alumini, bila mpini! Iliuzwa pauni 5 na ikaitwa Saucepan Special. Fikiria: alumini haipindi kwa unyevu, na mchwa hawaili.

Lakini usikimbilie jikoni. Pi yako inapokea Wi-Fi, na boksi la chuma lililofungwa pande zote huzuia mawimbi hayo. Ukitaka alumini, acha upande mmoja wa plastiki au mbao. Toboa matundu chini na juu ili hewa ya moto ipande yenyewe. Chipu ikifika nyuzi 80 hujipunguzia kasi. Na kama umechukua skrini ya kubonyeza, fremu ya kasha isiegemee eneo la kugusa hata kwa nusu milimita, maana shinikizo hilo litasomwa kama kidole, na nyimbo zitaanza kujirusha zenyewe usiku wa manane.