Mlio wa Chuma katika Uwanda wa Ufipa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kazi ya chuma ilikuwa na hatua mbili hadi ilipofifia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kigeni yalipozagaa. Hatua ya kwanza ilifanyika katika ilungu (wingi wake malungu), tanuru la udongo wa kichuguu lililozidi kimo cha mtu, ambamo mtapo, yaani mawe yenye chuma, ulipangwa pamoja na makaa. Tanuru hilo halikuvukutwa, kwa kuwa hewa ya moto ilipopanda ilivuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, na moto ukajilisha wenyewe. Hatua ya pili, ya kusafisha chuma, ilihitaji kintengwe, tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto, na baada yake zikafuata nyundo za mhunzi. Makelele yalianzia hapo.

Nyundo inapogonga chuma juu ya fuawe, chuma hutetemeka na kuzisukuma chembe za hewa zilizo jirani, nazo huzisukuma zinazofuata, hivyo kinachosafiri ni msukumo, si hewa yenyewe. Katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi msukumo huo hupita takriban mita 343 kwa sekunde, na mtu aliye kilomita moja mbali huona nyundo ikishuka kisha husikia mlio wake karibu sekunde tatu baadaye, pengine nyundo ikiwa imekwisha kuinuliwa tena. Hudhaniwa mara nyingi kwamba wepesi wa hewa ya milimani ndio unaoipunguzia sauti kasi, kumbe ni ubaridi.

Ubaridi huohuo ndio huipeleka sauti mbali. Usiku wa kipupwe, mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoa upesi na hewa iliyoigusa huwa baridi kuliko ile ya juu; sauti, ikienda kasi zaidi juu kuliko chini, hupinda kurudi ardhini. Mchana wa jua mambo hugeuka, sauti ikapinda kuelekea angani, kwa hiyo katika nyika ile yenye miti michache mhunzi wa alfajiri alikuwa na nafasi ya kusikika mbali kuliko mhunzi wa adhuhuri.

Wanaakiolojia wameandika mengi kuhusu malungu, na si ajabu, maana baadhi yangali yamesimama. Kintengwe, kilicho kidogo na chepesi kubomoka, hakikupata bahati hiyo, ingawa huko ndiko wanakijiji walikokuwa wakisikia chuma kikitengenezwa.