Kikuba Kabla ya Magharibi

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu katika visiwa vya Lamu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Ni utendi mzito, wa dini na adabu, lakini humo humo mama hakusahau kumwambia mwanawe atunge asmini na kuziweka kitandani. Ushahidi huo una thamani kubwa kwa anayetafuta historia ya maua katika visiwa vya Lamu. Zaidi ya miaka 160 iliyopita kutunga maua kulikuwa sehemu ya maisha ya mwanamke muungwana, sambamba na kuoga, kusinga na kufukiza udi.

Maua yenyewe yana safari ndefu. Asmini ya kutungwa kwao ni Asia ya Kusini, ikaenea bandari hadi bandari katika Bahari ya Hindi. Marashi ya waridi yalitoka Uajemi na Omani, ambako mpaka leo wakulima wa Jabal Akhdar wanachemsha mawaridi kuyatoa maji yake. Kiluwa, kinyume chake, ni mwenyeji. Wanawake wa pwani walikuwa wakiupanda mti wake kwa ajili ya harufu tangu zamani, na mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika katika vitabu vya sayansi, aliupa jina lile lile la Kiswahili: Mkilua. Ni heshima ambayo wengi wa pwani hawaijui.

Vyote hivyo hukutana katika kikuba. Mtungaji huanza na kishada cha rihani, akaongeza asmini, kiluwa, vipande vya mkadi na pengine majani ya waridi, kisha akavifunga pamoja kwa uzi. Kikuba kikishakamilika hubanwa kifuani au kwenye nywele. Ni kidogo, hakijazi hata kiganja, lakini aliyekivaa akipita ukumbini mwa harusi hana haja ya kutangazwa.

Ugumu wa kazi hii ya kutunga ni saa. Asmini hufunguka jioni, kwa hiyo lazima ichumwe alasiri ikiwa bado vitumba, vyeupe na vigumu kidogo. Sindano hupitishwa kwenye kikonyo cha kitumba, kimoja baada ya kimoja, na kitumba kilichokwaruzwa hugeuka hudhurungi kabla ya usiku kuingia. Uzi ukishajaa hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kazi ikienda sawa, maua hufunguka mwilini mwa mvaaji baada ya Isha. Kufikia asubuhi yamenyauka. Hakuna ghala wala barafu ya kuikomboa asmini iliyochelewa kufika, ndiyo maana mwenye harusi alipaswa kuagiza mapema na kumjua anayemwagiza.

Na kuagiza kwenyewe kulikuwa kwa mbali, hata kama umbali ni vichochoro viwili. Katika Lamu ya karne ya 19 wanawake wa nyumba za mawe hawakutoka ovyo mchana. Haja zao za nje zilipita kwa watoto, na kwa watumwa, ambao utumwa wao haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Hili halifai kupitwa kimya: nyuma ya harufu nzuri ya ukumbini kulikuwa na miguu na mikono ya watu wasiolipwa.

Maua hayakuwa ya harusi peke yake. Katika maulidi ya Riyadha, msikiti wa Lamu uliojengwa na mwanachuoni Habib Swaleh, marashi ya waridi hunyunyiziwa wageni kwa mrashi.

Leo oda husafiri kwa simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilirahisisha jambo ambalo lilikuwa zito kwa ndugu aliye Nairobi: hela inamfikia jamaa Lamu papo hapo, naye anamlipa mtungaji. Picha ya kikuba hutumwa kwa WhatsApp. Na anayetaka mawaridi ya Naivasha anaweza kuyaagiza mtandaoni, yakapanda ndege hadi Manda, yakavuka mkondo kwa boti na kubebwa mkononi kupita vichochoro ambavyo gari haliingii.

Mawaridi hayo ni mazuri kwa macho, na Kenya ina haki ya kujivunia soko lake la Ulaya. Lakini mengi yamezalishwa ili yadumu siku nyingi kwenye chombo na yastahimili safari, na harufu ndiyo iliyotolewa kafara. Katika chumba cha bibi harusi wa Lamu, ua lisilonukia ni pambo tu. Halifanyi kazi ambayo asmini imeifanya tangu enzi za Mwana Kupona.

Basi msomaji mwenye harusi visiwani, popote ulipo: usitosheke na picha. Muulize muuzaji anachuma saa ngapi, nani anatunga, na nani atabeba. Akikwambia maua yamechumwa tangu asubuhi, tafuta mwingine. Na agiza angalau vikuba kwa mtungaji wa mtaani, umlipe bei yake bila kumkata, kwa sababu mashina ya asmini na miti ya kiluwa hubaki uani pale tu ambapo kuna mtu wa kuyanunua maua yake.