Longwood: Jumba Lisilokwisha

Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, mji wa Natchez katika jimbo la Mississippi ulikuwa na matajiri wengi wa pamba. Majumba yao kwa kawaida yalifuata mtindo wa Kiyunani: nguzo ndefu nyeupe, baraza pana, na vyumba vilivyolingana kulia na kushoto. Longwood haifanani nayo.

Mwenyewe, Haller Nutt, alikuwa na mashamba makubwa na mamia ya watumwa. Alimtaka Samuel Sloan, msanifu wa Philadelphia, amchoree jumba la pande nane lenye vyumba 32. Mtindo wake uliitwa wa Mashariki, ingawa Mashariki hiyo ilikuwa ya vitabuni kuliko ya kuonwa kwa macho. Katikati ulikusudiwa ukumbi ulio wazi kutoka chini hadi kuba, na kuba lenyewe lina umbo la kitunguu. Wala halikuwa pambo tu. Hewa ya joto ingepanda ndani yake na kutokea madirisha ya juu, na kwa madirisha hayo hayo mwanga ungeteremka hadi kiini cha nyumba.

Kazi ilianza mwaka 1860. Watumwa wa Nutt walifinyanga na kuchoma matofali, na mafundi wa useremala wakaletwa kutoka Philadelphia. Vita vilipozuka mafundi hao waliacha zana zao wakarudi kwao Kaskazini. Nje jumba lilikuwa karibu kwisha. Ndani lilikuwa gofu. Wenyeji waliobaki, wengi wao watumwa, wakamaliza vyumba 9 vya chini, na Nutt akahamia humo na jamaa yake. Yeye aliunga mkono Muungano, lakini vita havikumnusuru: mali yake iliharibika, naye akafa kwa homa ya mapafu mwaka 1864. Julia, mkewe, aliishi katika vyumba vile vya chini hadi alipofariki mwaka 1897.

Mgeni apandaye ngazi leo huacha samani na mapazia, akaingia penye boriti tupu, makasha na matofali. Kwangu mimi orofa hizo zina habari zaidi ya zile za chini. Katika majumba yaliyokwisha, lipu hufunika tofali, na pamoja nalo humfunika aliyelifanya. Hapa lipu haikupakwa kamwe. Hata hivyo, isimuliwapo habari ya Longwood, Sloan hutajwa kwa jina, na waliochoma matofali hutajwa kwa jumla tu.

Katika mji huo huo lilikuwapo soko la watumwa, Forks of the Road, mojawapo ya yaliyokuwa makubwa kabisa Kusini, lililodumu hadi 1863. Longwood ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1969. Ardhi ya soko iliingizwa katika hifadhi ya historia ya Natchez mwaka 2021.