Mwalimu wa Shule ya Kati

Ukisikia, msomaji, wazee wako wakitaja "shule ya kati," usidhani wanasema habari za shule iliyo katikati ya mji. Wanataja jambo ambalo siku hizi halipo tena kwa jina lile: madarasa manne, tangu la tano hata la nane, yaliyokuwa shule peke yake, yenye mwalimu mkuu wake na mtihani wake. Katika Kenya ya miaka ya 1950, sehemu kubwa ya shule za Waafrika za namna hiyo zilikuwa mikononi mwa misheni. Mtoto aliingia akiwa bado mdogo, au pengine akiwa amekwisha kuota ndevu, maana wengi walichelewa kuanza masomo. Akatoka baada ya miaka minne, na katika miaka hiyo ilikuwa imekwisha kuamuliwa kama atakuwa karani, au mwalimu, au kama atarudi kwa baba yake kushika jembe. Nataka kukueleza habari za mtu aliyesimama mbele ya watoto hao. Vitabu vya historia huwataja sana maaskofu na magavana, lakini mwalimu wa darasa la sita humpita kama msafiri apitavyo mti ulio kando ya njia.

Mwanzo wa mambo haya ni wa zamani. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Rebmann wakaanza kituo chao Rabai. Mwaka wa 1875 ukaanzishwa mji wa Freretown, huko Kisauni, kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa. Waskoti wakafika Kikuyu mwaka wa 1898, na shule ya Maseno ikafunguliwa mwaka wa 1906. Popote walipokaa, wamisionari walifundisha kusoma kwanza, kwa kuwa mtu aliyetaka kubatizwa alipaswa kujisomea Maandiko mwenyewe. Ndiyo sababu Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza "athomi," na Wajaluo wakawaita "josomo." Maneno yote mawili maana yake ni wasomaji. Tazama jinsi neno moja lilivyobeba mizigo miwili: aliyesoma ndiye aliyesali, na aliyesali ndiye aliyesoma. Basi mwalimu naye alikuwa na mizigo miwili. Jumatatu alifundisha hesabu, na Jumapili mara nyingi yeye huyo huyo ndiye aliyesimama kanisani kuongoza sala.

Lakini wanafunzi nao walikuwa na nia yao, na hapo ndipo historia hii inapoanza kunoga.

Maseno ilianzishwa na kasisi J. J. Willis wa Church Missionary Society, na wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wana wa machifu. Mwaka wa 1908, yaani miaka miwili tu tangu mlango ufunguliwe, wanafunzi hao waligoma. Walizikataa kazi za mikono walizopewa, wakadai wafundishwe zaidi masomo ya vitabuni. Usiwacheke, wala usidhani walikuwa wavivu. Watoto wale walitoka katika nyumba za wakulima na wafugaji. Jembe walilijua tangu utotoni, hawakuhitaji kutembea mwendo mrefu ili waonyeshwe namna ya kulishika. Jambo wasilolijua lilikuwa karatasi. Reli ilikuwa imefika katika ziwa mwaka wa 1901, na kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuanza. Walimwona karani akiandika jina la baba yao katika daftari, na baba hajui kilichoandikwa. Mwenye kusoma aliweza kuitazama stakabadhi yake na kujua kama amedhulumiwa au la. Hiyo ndiyo elimu waliyoitaka, na kwa maoni yangu walikuwa wameyaona mambo vizuri kuliko wakubwa wao.

Serikali haikuona hivyo. Mwaka wa 1909 Profesa Fraser aliishauri kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za ufundi. Mwaka wa 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na ndani yake alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika mwenyeji wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ile ilisema kwamba elimu ipatane na maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono na tabia njema. Si maneno ya kutupwa. Nchi isiyojua udongo wake haiwezi kujilisha. Ila wazazi wa Kiafrika waliuliza swali moja ambalo halikupata jibu la kuridhisha: kama jembe ni elimu bora namna hiyo, mbona watoto wa Wazungu hawapewi?

Mwalimu alisimama katikati ya mivutano hiyo. Misheni ilimtaka alete roho za watu, serikali ilimtaka alete mafundi na vibarua wenye adabu, na wazazi walimtaka alete Kiingereza. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na nyumba yake mara nyingi ilikuwa katika uwanja wa misheni, hata mwenendo wake wa nyumbani ukatazamwa sawa na kazi yake ya darasani. Aliyeoa mke wa pili aliweza kupoteza darasa lake, hata kama hakuna mwenzake aliyeijua hesabu kama yeye.

Mwaka wa 1929 mivutano hiyo ilipasuka katika nchi ya Wakikuyu. Misheni kadha wa kadha, hasa ile ya Waskoti na ile ya Africa Inland Mission, ziliamua kuikomesha tohara ya wasichana, jambo ambalo leo twaliita ukeketaji. Walimu na wazee wa kanisa walitakiwa kutia sahihi au alama ya kidole gumba kwamba wameikataa desturi ile, na kwamba hawatafuatana na chama cha Kikuyu Central Association. Watu wakakiita kiapo hicho "kirore," kwa ajili ya ile alama ya kidole. Hapa yapasa tupime kwa mizani ya haki. Katika habari ya miili ya wasichana, wamisionari hawakukosea. Kenya huru yenyewe imekataza ukeketaji kwa sheria ya mwaka wa 2011. Lakini njia waliyoishika ilikuwa ya kumshurutisha mtu mwenye njaa. Waliifunga imani pamoja na kazi, wakaifunga siasa pamoja na imani, kisha wakamwambia mwalimu achague yote au akose yote. Palikuwa na walimu waliotia kidole wakachukiwa na jirani zao. Palikuwa na wengine waliokataa, wakatoka shuleni, na wanafunzi wakatoka nyuma yao.

Basi zikazaliwa shule za kujitegemea, za jumuiya mbili, ya KISA na ya Karing'a. Nawe utashangaa ukijua kwamba shule hizo, ambazo serikali iliziogopa sana, hazikuuacha Ukristo. Watu wake waliendelea kuomba na kusoma Biblia, na katika miaka ya 1930 wakamwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini aje kuwafundishia na kuwabariki makasisi wao wenyewe. Walichokikataa si Kristo, bali mlinzi wa mlango. Mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu cha Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, wakakijenga kwa michango ya wananchi. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, chuo hicho kilifungwa, na shule nyingi za kujitegemea zikafungwa au kutiwa chini ya serikali na misheni.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1949, kamati ya Leonard Beecher ilikuwa imetoa taarifa yake juu ya elimu ya Waafrika. Beecher alikuwa kasisi wa Kianglikana, na mwaka wa 1960 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Afrika Mashariki. Ndiyo taarifa iliyoipa shule ya kati umbo lake: miaka minne ya shule ya msingi, minne ya kati, na minne ya sekondari. Kwa maneno inaonekana kama ngazi nzuri yenye vidato sawasawa. Kwa kweli ilikuwa kama dema, pana kwa nje na jembamba kwa ndani. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, na mpango wenyewe ulikubali tangu mwanzo kwamba watoto walio wengi wataishia pale. Waliopenya walifika darasa la nane, wakakutana na mtihani wa pili uliojulikana kwa herufi za KAPE, na hao nao wengi wakabaki nje. Wasichana walikuwa wachache kupita kiasi katika kila daraja. Waafrika wengi waliilaumu taarifa ile, wakisema kwamba imewekwa ili kuwazuia watoto wao, na tena kwamba imewaongezea wamisionari mamlaka ya kuzisimamia shule.

Fikiri sasa juu ya mwalimu wa darasa la nane katika shule ya namna hiyo. Asubuhi ilianza kwa sala na somo la Maandiko. Kisha hesabu, Kiingereza, jiografia, historia ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Waingereza, na mchana pengine shamba la shule. Mbele yake walikaa vijana waliojua kwamba kosa la hesabu mbili au tatu katika mtihani mmoja laweza kuwageuzia njia ya maisha. Lugha ya nyumbani iliachwa mlangoni. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi katika miaka hiyo, ameeleza jinsi mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu alivyoweza kupigwa viboko au kuvikwa kibao cha aibu shingoni. Nayasema haya bila kuwachukia walimu wale. Wengi wao walikuwa wamepenya katika dema lile lile, nao hawakujua njia nyingine ya kumpitisha mtoto.

Wala hawakuwa wote namna moja. Carey Francis, aliyeacha kazi ya kufundisha hesabu Cambridge akaja Maseno mwaka wa 1928, alikuwa mkali kama pilipili, naye aliwataka watoto wa Kiafrika wafikie kipimo kile kile cha Uingereza bila kupunguziwa hata chembe. Tangu 1940 hata 1962 aliiongoza shule ya Alliance, kule Kikuyu. Alipoiacha hakurudi kwao kupumzika, bali alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, hata akafa mwaka wa 1966. Mtu aweza kuyakataa mawazo yake juu ya siasa, na wanafunzi wake wengi waliyakataa, lakini hawezi kusema kwamba aliwadharau katika hesabu.

Tena kitabu kile kile kilichotumiwa kufundisha utii kilikuwa na habari za Musa na Farao, na mwalimu hakuweza kuziruka. Sijui kama ni ajabu, basi, kwamba viongozi wengi wa siasa ya Kenya walitoka mbele ya ubao. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka wa 1944, alikuwa amefundisha Alliance. James Gichuru alikuwa mwalimu. Oginga Odinga alifundisha Maseno. Ronald Ngala alikuwa mwalimu huku pwani, na Daniel arap Moi alikuwa mwalimu kule Baringo. Walizoea kusimama mbele ya watu, waliijua lugha ya mtawala, na kila mmoja wao alikuwa ameonja kuamriwa na mkubwa asiyejua kazi kuliko yeye. Mwaka wa 1957 walimu wakaunda chama chao kimoja cha taifa, KNUT, na moja ya shabaha zake kubwa ilikuwa walimu wote wa Kenya waajiriwe na mwajiri mmoja, badala ya kutegemea hisani ya misheni hii au baraza lile.

Uhuru ulipokuja, tume ya Profesa Simeon Ominde iliyotoa taarifa yake tangu 1964 iliunganisha shule ya msingi na ya kati zikawa miaka saba, na ule mtihani wa darasa la nne ukawa umekwisha. Mwaka wa 1967 ikaundwa Tume ya Kuajiri Walimu. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 ikaziacha misheni kuwa wadhamini tu wa shule zao za zamani: kutunza mambo ya dini na kupata sauti katika uendeshaji, lakini si kumwajiri mwalimu wala kumfukuza. Siku hiyo mwalimu aliyetofautiana na kasisi wake aliweza kulala usingizi.

Mwezi wa Januari mwaka wa 2023 madarasa ya katikati yalirudi kuwa kitu peke yake, yaani darasa la saba hata la tisa la sekondari msingi. Serikali iliyaweka katika viwanja vya shule za msingi, na nyingi katika hizo bado zina jina la mtakatifu langoni au kanisa kando ya uwanja. Walimu wengi waliopelekwa huko waliajiriwa kama wanagenzi, kwa mapatano ya muda na mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku mmoja akifundisha masomo ambayo hakuyasomea chuoni. Mwaka wa 2024 waligoma, wakaandamana barabarani wakidai ajira ya kudumu. Wengi wao waliipata mwanzoni mwa mwaka wa 2025.