Macho ya Rubani na Bango la Herufi

Oktoba 1935, rubani kijana wa Kijerumani, Adolf Galland, alianguka na ndege ya mazoezi. Fuvu lilipasuka, pua ikavunjika, na chembe za kioo zikaingia katika jicho lake la kushoto. Alikaa siku tatu bila fahamu. Mkuu wake alimkingia kifua akarudi angani, lakini alipoanguka tena mwaka uliofuata, madaktari walifungua faili lake na kumwona hafai kurusha ndege. Galland akazitafuta herufi za bango la kupimia macho, akazikariri zote, akaenda kupimwa na kufaulu. Mwishoni mwa 1941 alikabidhiwa usimamizi wa vikosi vyote vya ndege za mapambano vya Ujerumani, na hadi Vita Kuu ya Pili inamalizika alikuwa amehesabiwa ndege 104 za adui alizoangusha.

Jicho la namna gani linamtosha rubani wa vita? Majeshi yamehangaika na swali hilo kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yake yamebadilika mara nyingi kuliko wanavyodhani vijana wanaokatishwa tamaa na miwani yao.

Bango lenyewe ni la kale kuliko ndege. Lilitungwa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi. Anayepimwa husimama mita 6 kutoka ukutani na kusoma herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari. Akisoma mstari ambao herufi zake zina urefu wa karibu milimita 9, huandikiwa 6/6, yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida linatazamiwa kukiona kwa umbali huohuo. Wamarekani, wanaopima kwa futi, huandika 20/20. Ni kipimo rahisi na cha haki, na ndiyo maana kimedumu. Lakini kinapima jambo moja tu: kutofautisha herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kitu kikiwa kimetulia na mtazamaji ametulia.

Vita Kuu ya Kwanza iliyaingiza macho angani kwa ghafla. Hakukuwa na rada, na aliyemwona mwenzake kwanza ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kurudi hai. Rubani alilazimika pia kukisia umbali wa ardhi wakati wa kutua, na kutambua fataki za ishara kwa rangi zake. Marekani ilipoingia vitani, daktari Theodore Lyster alisimamia tiba ya marubani wa jeshi, na mwaka 1918 maabara ya utafiti ilifunguliwa Mineola, jimbo la New York, chini ya William Wilmer. Huyu Wilmer alikuwa bingwa wa macho, jambo linaloonyesha ni kiungo gani kilichohesabiwa kuwa mhimili wa urubani.

Upimaji wa rangi nao ulipata chombo chake wakati huohuo. Huko Japani, Shinobu Ishihara, daktari wa macho aliyelitumikia jeshi, alichora duara zilizojaa vitone vya rangi, ndani yake umefichwa mchoro ambao mwenye upofu wa rangi haupati. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1917, na kurasa hizo hutumika hadi leo. Kwa rubani, hilo ni suala la uhai: usiku, taa nyekundu ya bawa la kushoto na ya kijani ya bawa la kulia ndizo zinazomwambia kama ndege iliyo mbele inamjia au inamkimbia. Kati ya wanaume 100 wenye asili ya Ulaya, takriban 8 huchanganya nyekundu na kijani, na wengi wao hawajijui mpaka siku ya kupimwa.

Hata hivyo, vita havikuacha kutoa watu waliovunja kanuni. William Thaw, Mmarekani aliyepigania Ufaransa na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikosi cha Lafayette mwaka 1916, alikuwa na jicho la kushoto dhaifu ambalo lisingepita kwenye vipimo vya jeshi la nchi yake. Jeshi hilo lilimpokea hivyohivyo mwaka 1918, likampa kikosi akiongoze. Agosti 1942, Mjapani Saburo Sakai alipigwa risasi kichwani juu ya Guadalcanal. Akiwa anavuja damu na karibu haoni, alirusha ndege yake zaidi ya kilomita 1,000 hadi Rabaul. Jicho la kulia halikupona, lakini mwaka 1944, marubani wazoefu wa Japani walipokuwa wamebaki wachache, alirudishwa vitani na jicho moja.

Visa hivi havithibitishi kwamba vipimo ni upuuzi. Vinaonyesha kwamba mpaka wa macho hufuata mahitaji ya jeshi: watu wakiwa wengi unakaza, wakiadimika unalegea. Vilevile, uzoefu hufidia mengi. Rubani mkongwe hukisia umbali kwa ukubwa wa vitu, kwa vivuli na kwa jinsi ardhi inavyompita. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hana akiba hiyo, na kanuni zimeandikwa kwa ajili yake.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika historia hii. Mwaka 1939, mfanyakazi kijana wa kampuni ya Shell aliyekuwa akiishi Dar es Salaam aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Jina lake Roald Dahl, ambaye baadaye angekuwa mwandishi wa vitabu vya watoto anayesomwa duniani kote. Urefu wake, karibu mita 2, ulitia shaka kama angeenea ndani ya ndege ndogo, lakini alikubaliwa. Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri. Fuvu lilipasuka, uso ukavimba, na kwa wiki kadhaa akawa kipofu katika hospitali ya Alexandria. Uoni ulirudi, na Aprili 1941 alikuwa akipigana angani Ugiriki. Kilichomwondoa urubani hatimaye ni maumivu makali ya kichwa.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoeneza sifa za karoti. Novemba 1940, John Cunningham wa Uingereza aliangusha ndege ya Kijerumani gizani kwa msaada wa rada iliyofungwa ndani ya ndege yake. Kwa kuwa rada hiyo ilikuwa siri, wananchi waliambiwa kuwa marubani wa usiku wana macho makali kwa sababu ya kula karoti. Ni kweli kwamba anayekosa vitamini A hushindwa kuona usiku. Aliyeshiba vitamini hiyo haongezi chochote kwa karoti ya ziada.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ilitoka kwenye jicho lililoumia. Agosti 1940, rubani Gordon Cleaver alipigwa katika mapambano juu ya Uingereza, na kifuniko cha chumba chake, kilichotengenezwa kwa plastiki ngumu ya Perspex, kikapasuka usoni mwake. Jicho moja lilipofuka kabisa, jingine likabaki na chembe ndani. Daktari Harold Ridley, aliyemhudumia, aliona ajabu: chembe zile zilikaa ndani ya jicho bila kulichoma wala kulivimbisha. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimfanyia mwanamke mmoja upasuaji wa mtoto wa jicho, akaanza kazi ya kumwekea lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Madaktari wakubwa walimpinga kwa miaka mingi. Leo lenzi hizo ni tiba ya kawaida, na wazee wa Moshi, Mombasa au Goma wanaotolewa mtoto wa jicho na kuona tena wananufaika na uvumbuzi uliotokana na majeraha ya rubani yule.

Leza ndiyo iliyobadilisha zaidi hesabu za kuandikisha marubani. Kabla yake, katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Urusi alieneza upasuaji wa kuchanja konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwa kisu ili kutibu kutoona mbali. Majeshi yaliukataa kwa sababu konea iliyochanjwa hudhoofika. Hatari yake ilionekana mwaka 1996, pale Mmarekani Beck Weathers, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji huo, alipoteza uoni akiwa juu ya mlima Everest, kwenye hewa haba. Leza, inayochonga upya uso wa konea, ilikuwa jambo tofauti. Steven Schallhorn, aliyewahi kuwa rubani wa ndege za F-14 kabla ya kusomea macho, aliongoza uchunguzi wake katika jeshi la majini la Marekani kuanzia 1993. Aina inayokata utando na kuufunika tena iliogopwa zaidi, kwani haikujulikana utando huo ungekuwaje rubani akirushwa nje ya ndege kwa kasi. Jeshi la anga la nchi hiyo lililegeza masharti yake juu ya aina hiyo mwaka 2007.

Kwa hiyo kijana anayetamani urubani wa jeshi asijihukumu kwa kioo cha chumbani mwake. Kanuni hutofautiana nchi kwa nchi: kuna jeshi linalodai 6/6 bila miwani, na kuna linalokubali macho yaliyosahihishwa. Apimwe macho na rangi mapema, hospitalini, kabla ya kutuma maombi. Asikimbilie leza kabla ya kuuliza ni aina ipi jeshi lake linaikubali na baada ya muda gani, kwa maana upasuaji usiokubalika unaweza kumfungia mlango ambao miwani isingeufunga. Na bango la herufi asilikariri, maana leo mashine hulipima jicho lenyewe bila kumwomba asome chochote.