Haleluya na Wafungwa wa Madeni

Wamisionari wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka 1891 walitoka nchi alikozaliwa Georg Friedrich Handel, aliyebatizwa Kilutheri huko Halle mwaka 1685. Haleluya yake, ambayo kwaya nyingi nchini huiimba kwa Kiswahili, imo katika kazi iitwayo Messiah, iliyoimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Mapato yaligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Watu 142 wakafunguliwa. Tangu mwaka 1750 iliimbwa kila mwaka London kwa ajili ya watoto waliotelekezwa, hata baada ya Handel kufariki mwaka 1759. Basi kwaya isimamapo Kyimo kuimba Haleluya, Usharika ukumbuke kuwa tangu mwanzo sifa hiyo iliandamana na sadaka, na milango ya gereza ikafunguka.