Volti za Baba

Wanaoongeza nguvu vigari vya watoto vya betri wana utetezi wao: mtoto amekua, kigari ni kile kile, na sasa kinajikokota kwenye nyasi. Kuna ukweli ndani yake. Hata hivyo, historia ya vigari hivi inaonyesha kwamba mwenye hamu ya mwendo, tangu awali, ni mtu mzima, na mtoto ametangulizwa mbele kama kisingizio. Kilichokuja kuwa Bugatti Type 52 kilianza kama zawadi ambayo Ettore Bugatti alimtengenezea mwanawe mdogo, Roland, katikati ya miaka ya 1920: gari la umeme lenye nusu ya ukubwa wa Type 35, gari lake la mashindano. Wateja wa kiwanda cha Molsheim, Ufaransa, walikiona wakakitaka, na tangu 1927 kikauzwa, mota yake ikiendeshwa kwa volti 12. Viliundwa takriban 500. Waliokiomba hawakuwa watoto.

Plastiki ndiyo iliyokifikisha kigari kwenye nyumba za kawaida. Mwaka 1984 kampuni ya Kransco ilinunua biashara ya vigari hivi huko Marekani na kuviita Power Wheels. Miaka kumi baadaye vikaingia mikononi mwa Mattel. Mwendo ukawekewa mpaka, kilomita 4 hivi kwa saa, au 8 kwa gia ya juu. Gia hiyo nayo hufungwa kwa kizuizi, na mzazi ndiye hukiondoa akiona mtoto ameiva. Kwa maneno mengine, kiwanda chenyewe kilimkabidhi baba bisibisi. Zilipokuja betri za lithiamu za drili, hakuhitaji hata karakana: huchomoa betri ya volti 12 na kupachika ya 18.

Hapo ndipo utetezi wa nyasi unapolegea. Kigari kinachoteleza kinahitaji mshiko, na mafundi wanajua dawa yake, yaani kuyavisha magurudumu ya plastiki mpira wa tairi la baiskeli. Kinachoelemewa na uzito kingesaidiwa na gia nzito zaidi. Volti hutangulia kwa sababu ndizo zinazoonekana mara moja, kigari kinapochomoka. Hesabu yake haina huruma: volti zikipanda mara moja na nusu, mota iliyokwama huvuta mkondo wa umeme uliozidi kwa kiasi hicho hicho, lakini joto ndani yake hupanda mara mbili na robo.

Watetezi watajibu kwamba hata vigari visivyoguswa viliungua. Ni kweli. Mwaka 1998 hadi vigari milioni 10 vya Power Wheels viliitwa virudi kurekebishwa, baada ya taarifa 700 hivi za vifaa vya umeme kupata joto kupita kiasi na matukio 150 hivi ya moto. Watoto 9 waliungua kidogo. Mwaka 2001 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 1.1 kwa kutotoa taarifa. Lakini ushahidi huu unamgeukia anayeutoa. Kama nyaya zilielemewa na umeme wa kiwandani, kuzizidishia bila kubadili waya wala kuweka fyuzi inayofaa hakuwezi kuitwa ukarabati.

Wenye ukweli zaidi, kwa maoni yangu, ni watu wazima wa Marekani waliojibana ndani ya vigari hivi wakaanza kushindana wenyewe, katika mfululizo wa mbio ulioanza 2009 huko Chicago. Hawakumsingizia mtoto yeyote.

Yapo marekebisho yanayoanzia kwa mtoto kwelikweli. Cole Galloway wa Chuo Kikuu cha Delaware aliongoza mradi wa Go Baby Go, unaowatengenezea vigari watoto wenye ulemavu wa viungo. Huko kinachobadilishwa ni kiti, mkanda na swichi: kanyagio la mguu huondolewa, kitufe kikubwa cha mkono kikawekwa. Katika aina moja, kigari husogea pale tu mtoto anapoinuka kitini na kusimama.